Maswali 9 ya sonona: alama 10 zinasema nini hasa?

Ukienda kliniki ya wajawazito Kisumu, kuchukua ARV Eldoret au kupimwa sukari Nakuru, huenda ukaulizwa maswali 9 ambayo hayahusu mimba, virusi wala sukari. Katika wiki 2 zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Usingizi je? Nguvu? Hamu ya chakula? Umejiona umeshindwa na maisha? Akili inatulia unapofanya jambo? Umekuwa mzito wa mwendo na usemi, au umeshindwa kutulia mahali pamoja? Na la mwisho: umewahi kuwaza kwamba afadhali ufe, au ujidhuru? Kila jibu lina alama. Kama jambo halijakusumbua kabisa ni 0, siku chache ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10, unahesabiwa kuwa huenda una sonona, ile ambayo wengi wetu tunaiita depresheni.

Hojaji hiyo inaitwa PHQ-9, na ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii. Sifa yake husemwa kwa namba moja: asilimia 88. Mtu akisikia hivyo anaelewa kwamba waliopata 10 au zaidi, 88 kati ya 100 ni wagonjwa. Sivyo. Namba hiyo haisemi hivyo, na kutoelewa tofauti hiyo kunaumiza watu. Wapo wanaoandikiwa dawa wasizozihitaji, na wapo wanaorudishwa nyumbani wakiwa hoi kwa sababu karatasi imesema 7.

Tuanze na chimbuko la hiyo 88. Mwaka 2001 Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams walichapisha matokeo ya PHQ-9 kutoka kliniki za Marekani. Wagonjwa waliojaza hojaji walikuwa 6,000, lakini waliohojiwa pia na mtaalamu wa afya ya akili, ili majibu ya karatasi yalinganishwe na uamuzi wa binadamu, walikuwa 580. Kati ya hao 580, mtaalamu aliona sonona kali kwa watu 41. Asilimia 88 ya watu 41 ni watu 36. Namba ambayo imezunguka dunia nzima na kuingia kwenye mafunzo ya wahudumu wetu ilianzia kwa watu 36 waliopata alama 10 au zaidi, na 5 ambao hojaji iliwapita.

Sisemi walikosea. Kazi yao ilikuwa safi, na tafiti nyingi zimefuata. Mwaka 2021 watafiti waliunganisha data za tafiti 100 zenye washiriki 44,503, na pale walipolinganisha na mahojiano ya kina ya mtaalamu, alama 10 ziliwanasa wagonjwa 85 kati ya kila 100, na kuwaacha salama wazima 85 kati ya kila 100. Hizo ni namba mbili tofauti, ingawa hapa zimefanana. Ya kwanza inahusu wagonjwa pekee: hojaji inawanasa wangapi? Ya pili inahusu wazima pekee: inawaachilia wangapi? Hakuna hata moja kati yake inayojibu swali la mtu aliyeketi pale kliniki na karatasi yake imeandikwa 10: je, mimi ni mgonjwa?

Ili kulijibu swali hilo lazima ujue mtu huyo ametoka katika kundi gani. Hebu tufanye hesabu, nami nakuomba usiiruke, kwa sababu jambo lote limo humu. Chukua watu 1,000 waliofika kituo cha afya, na tuseme 100 kati yao kweli wana sonona. Hojaji itawanasa 85 na kuwakosa 15. Wazima ni 900. Kwa kuwa inawaachilia 85 kati ya 100, inawashika kimakosa 135. Waliopata alama 10 na zaidi sasa ni 85 na 135, yaani 220. Wagonjwa wa kweli ndani ya hao 220 ni 85 tu. Hawafiki hata nusu. Ni kama 39 kati ya 100.

Sasa ichukue karatasi hiyohiyo, mhamasishaji wa afya ya jamii aipeleke nyumba kwa nyumba Nyalenda au Kaptembwo, ambako tuseme wagonjwa ni 50 kati ya 1,000. Watanaswa 43, na wazima watakaoshikwa pamoja nao ni 142. Kati ya 185 walioambiwa huenda wana sonona, wenye ugonjwa huo kweli hawafiki hata robo. Ipeleke tena kwenye kundi lenye mateso mengi zaidi, tuseme wagonjwa 300 kati ya 1,000, na mambo yanageuka: watu 360 wanapata 10 au zaidi, na 255 kati yao ni wagonjwa kweli. Maswali hayakubadilika, wala alama. Uzito wa alama 10 umetoka asilimia 23 hadi 71 kwa sababu ya watu waliomo kwenye foleni.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na huo unatupa moyo. Katika mfano wa kwanza, waliopata chini ya 10 ni 780, na wagonjwa waliojificha humo ni 15. Kwa hiyo PHQ-9 inaaminika zaidi inaposema "huenda huna" kuliko inaposema "huenda unayo". Hata hivyo hao 15 ni watu, na mara nyingi ni wale waliozoea kujibu "niko sawa" kila wanapoulizwa.

Kuna jambo lingine lisilozungumzwa sana: usahihi huo umepimwa kwa kulinganisha na nini? Malaria ina darubini. Sonona haina kipimo cha damu wala picha. Kinacholinganishwa na hojaji ni mahojiano, na mahojiano yako ya aina kadhaa. Yapo ambayo mtaalamu aliyefunzwa anauliza, anafuatilia, anarudi nyuma, anapima majibu kwa akili yake. Na yapo yanayosomwa neno kwa neno na mtu yeyote aliyepewa mafunzo mafupi, bila nafasi ya kuuliza "unamaanisha nini?" Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba PHQ-9 ikilinganishwa na mahojiano ya aina ya kwanza inanasa wagonjwa 88 kati ya 100, ikilinganishwa na ya aina ya pili, inanasa 70. Ukisoma kwamba hojaji fulani ni sahihi kwa kiwango fulani, uliza kwanza ilipimwa dhidi ya nini. Uliza pia kama waliopimwa ni pamoja na watu ambao tayari walikuwa wakitibiwa sonona. Tafiti nyingi zimewaingiza watu wa namna hiyo, na kumtambua mgonjwa ambaye daktari ameshamtambua si kazi ngumu. Namba zinapanda, lakini hazitusaidii kumjua yule ambaye hajawahi kuulizwa na yeyote.

Alama ya mpaka nayo si sheria ya maumbile. Hojaji ya Edinburgh, iliyoundwa Uskoti mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, ina maswali 10 na jumla ya 30. Ukiweka mpaka kwenye 10, inanasa wagonjwa 85 kati ya 100 na kuwaachilia wazima 84. Ukiupandisha hadi 13, inawaachilia wazima 95, lakini wagonjwa inaowanasa wanashuka hadi 66. Hakuna mpaka usio na gharama. Kama kituo kina mshauri mmoja anayekuja siku moja kwa wiki, mpaka wa chini utamzika kwa foleni. Kama kinao watu wa kutosha, mpaka wa juu ni kuwatupa akina mama 34 kati ya kila 100 walio wagonjwa. Uamuzi huo ni wa watu na bajeti, na nadhani kila kaunti ingepaswa kuufanya waziwazi badala ya kunakili namba iliyoikuta kwenye karatasi.

Sasa tuangalie ndani ya alama zenyewe. Tumfikirie mama anayeuza omena soko la Kibuye, ana mtoto wa miezi 4, anaamka alfajiri kuwahi mzigo. Nesi anamuuliza, "Mama, umekuwa ukichoka?" Naye anajibu, "Sista, nani hachoki?" Uchovu, 3. Usingizi, mtoto analia na mbu wapo: 3. Chakula, analala bila kula siku ambazo biashara imelala, kwa hiyo 2. Kutuliza akili, anasahau hesabu za wateja wa mkopo: 2. Jumla ni 10. Kwenye swali la huzuni amesema hapana. Kwenye swali la kukosa raha amesema hapana pia, anamfurahia mtoto wake na chama chao cha Jumamosi. Amevuka mpaka bila kuwa na hata moja kati ya dalili mbili ambazo kitabu cha uchunguzi wa magonjwa ya akili kinasema lazima angalau moja iwepo. Kujumlisha alama hakujali alama zimetoka wapi.

Ndiyo maana walioandika hojaji ya Edinburgh waliacha kwa makusudi mambo kama uchovu na hamu ya chakula: mama aliyejifungua ana hayo hata akiwa mzima. Tatizo hilohilo linamkuta mwenye VVU, mwenye kifua kikuu, mwenye upungufu wa damu, na yeyote anayeishi mbali na maji. Swali la kukosa hamu ya chakula linadhani chakula kipo. Na PHQ-9 ina swali jingine chini, la kama matatizo hayo yamekuzuia kufanya kazi, kutunza nyumba au kuelewana na watu. Halihesabiwi kwenye 27, na kwenye harakaharaka ya kliniki ndilo linaloachwa. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika matumizi ya karatasi hii, ningeagiza swali hilo lisiachwe kamwe.

Je, kwetu huku imepimwa? Ndiyo, lakini soma vizuri. Mwaka 2009 mpango wa AMPATH, unaofanya kazi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Eldoret, ulichapisha utafiti wa PHQ-9 kwa watu wazima 347 wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Kroenke mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi. Walionyesha kwamba maswali yanakwenda pamoja inavyotarajiwa na kwamba alama zinalingana na jinsi wagonjwa wanavyoona afya yao kwa jumla. Hayo ni ya maana. Lakini hawakumweka daktari wa akili kuwahoji watu hao na kulinganisha, kwa hiyo utafiti huo hauwezi kukuambia kwamba mwenye alama 10 pale Eldoret ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa. Mara nyingi utasikia "imethibitishwa Kenya" na sentensi inaishia hapo.

Kazi inayonivutia zaidi ilifanyika Bungoma, na ikachapishwa 2018. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi, hawakuanza na karatasi ya kigeni. Walitafuta kwanza jinsi wanawake wenyewe wanavyoieleza hali ya mama mjamzito au aliyejifungua anapozidiwa moyoni, wakachanganya maelezo hayo na vigezo vya kitabibu, wakatengeneza hojaji yao. Walipoilinganisha na PHQ-9 na ile ya Edinburgh kwa kutumia mahojiano ya kitabibu, hojaji ya Bungoma iliwatenganisha wagonjwa na wazima vizuri zaidi. Tahadhari ipo: hojaji iliyochaguliwa maswali na mpaka wake kwa data za watu fulani daima hung'aa kwa watu haohao. Mtihani wake wa kweli ni kwa wanawake wengine, Busia, Kakamega au Molo. Lakini njia ni sahihi. Zimbabwe walifanya jambo la aina hiyo miaka ya 1990 kwa hojaji ya Kishona, inayouliza kuhusu kuwaza kupita kiasi, na ndiyo iliyotumika baadaye kwenye mpango wa akina bibi wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, ambao matokeo yake mazuri yalichapishwa 2016.

Namna ya kuuliza inaharibu mengi ambayo hayaonekani kwenye jedwali lolote. Hojaji hii ilitungwa ili mtu aijaze mwenyewe, kimya, kwa kalamu. Kwetu mara nyingi inasomwa kwa sauti, nesi akitafsiri papo hapo kwa Kidholuo, Kiluhya au Kikalenjin, kila nesi kwa maneno yake, na jirani wa benchi akisikia. Wakati mwingine mkalimani ni mume, au mtoto wa mgonjwa. Nani atamjibu mwanawe wa miaka 14 kwamba ndiyo, nimewaza kujiua? Na baada ya swali hilo kuna jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Watu waliojifunza kuficha kwa woga wa polisi hawaachi kuficha siku ya hukumu. Swali la 9 linahitaji mlango uliofungwa, na mhudumu aliyesema mapema kwamba jibu halimpeleki mtu popote isipokuwa kwenye msaada. Yeyote anayejibu zaidi ya 0 hapo anafuatwa siku hiyohiyo, hata kama jumla yake ni 4. Na usiku, wakati kliniki imefungwa, laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya inapigwa bila malipo.

Kisha kuna vichwa vya habari. Kila mara utasoma kwamba theluthi ya wanafunzi, au robo ya wahudumu, wana sonona. Angalia chini: walijazishwa hojaji, wenye 10 na zaidi wakahesabiwa kuwa wagonjwa. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulilinganisha njia hizo mbili kwa watu walewale: kwa PHQ-9 waliovuka mpaka walikuwa asilimia 24.6, kwa mahojiano ya mtaalamu wagonjwa walikuwa asilimia 12.1. Mara mbili. Ukitumia namba ya kwanza kupanga idadi ya dawa na washauri wa kaunti, umepanga kwa watu ambao nusu yao hawana ugonjwa huo. Wapo watakaosema namba kubwa inasaidia kuiamsha serikali. Mimi naona inadhuru: siku itakapobainika kwamba imetiwa chumvi bila kukusudia, wenye mifuko watakuwa na sababu ya kufunga.

Nchi zenye pesa hazikubaliani kama kila mtu apimwe kwa hojaji. Jopo la kitaifa la kinga la Marekani linapendekeza watu wazima wote wapimwe. Jopo la Kanada lilisema mwaka 2013 wasipimwe kwa utaratibu wa jumla, na mwaka 2022 likasema hivyo kuhusu wajawazito na waliojifungua, kwa sababu halikuona ushahidi wa kutosha kwamba kupima kwa karatasi kunawaacha watu wakiwa na hali bora kuliko daktari makini anayeuliza na kusikiliza. Kwa hali yetu, ambako muuguzi mmoja anahudumia watu wengi na sonona hupita bila kutajwa, nina imani hojaji ina kazi. Inampa muuguzi ruhusa ya kuuliza ambayo asingejipa. Lakini iwe pale tu ambapo mtu wa pili yupo, wa kuketi na aliyevuka mpaka. Kumwambia mama ana dalili za sonona halafu umrudishe sokoni na hiyo karatasi ni kumwongezea mzigo.

Mtu huyo wa pili, awe afisa wa kliniki au mshauri, ana mambo ya kuuliza ambayo karatasi haiyajui. Ilianza lini? Kuna msiba nyumbani? Pombe? Dawa gani nyingine? Damu imepimwa? Je, kumewahi kuwa na majuma ambayo hakulala na bado alikuwa na nguvu za ajabu, akatumia pesa ovyo, akaongea bila kukoma? Hilo la mwisho ni la lazima kabla ya kuandika dawa kama fluoxetine, kwa sababu mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka anaweza kupata alama zilezile za PHQ-9, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha vibaya. Mazungumzo hayo ni dakika 20 au 30. Mama wa Kibuye, akiulizwa hivyo, huenda akaondoka na vidonge vya kuongeza damu na miadi ya kurudi baada ya wiki 2. Mzee wa Bondeni aliyepata 7, lakini mkewe anasema ameacha kwenda kanisani na hataki kuwaona wajukuu, anastahili dakika hizohizo, na chini ya sheria ya alama 10 pekee asingezipata.